Itaendelea
Jumapili ya Nne ya Kwaresima, Mwaka C



Injili ya leo, kama alivyoiandika Mtakatifu Luka katika sura ya kumi na tano, ni ile ya baba aliyekuwa na wana wawili. Wengi wenu mngeweza kuisimulia bila kufungua kitabu. Mdogo anadai urithi wake, anakwenda nchi ya mbali, anautapanya, anaishia kulisha nguruwe, anarudi nyumbani na kupokewa kwa pete, viatu na ndama aliyenona. Kisha yule mkubwa anarudi kutoka shambani, anasikia ngoma na nyimbo, anamwuliza mtumishi kuna nini, anakasirika na kukataa kuingia. Baba anatoka nje kumsihi. Mwana anatoa manung'uniko yake, baba anamjibu, na papo hapo Injili inakoma.

Juma lililopita nilikuwa katika kigango kimoja cha mbali kwa ajili ya maungamo ya Kwaresima. Jioni, kabla hatujaagana, katekista aliwasomea waamini Injili hii ili wajiandae nayo kwa Jumapili. Alipokwisha kusoma akafunga kitabu. Mama mmoja aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na mjukuu mapajani akauliza kwa sauti, kama mtu anayezungumza na jirani yake sebuleni: “Sasa, aliingia au hakuingia?” Kijana mmoja aliyesimama nyuma akadakia: “Itaendelea, mama!” Watu wote wakaangua kicheko, nami pia nikacheka.

Jibu alilolitoa katekista nitawaambia baadaye. Nianze na kile kicheko, kwa sababu kilinifanya nitafakari njia nzima niliporudi nyumbani. Waamini wale walicheka kwa kuwa wote wanalijua neno hilo. Ni neno linalotokea kwenye kioo cha televisheni mlango unapofunguliwa na hujaonyeshwa aliyeufungua. Nami nalifahamu, pengine kuliko inavyompasa padre. Kwa hiyo naomba leo mniruhusu niseme juu ya tamthilia hizi za mfululizo tunazozifuatilia jioni kwa jioni, juu ya raha yake na udhia wake, kisha tumrudie yule kaka mkubwa pale uani tulipomwacha.

Mimi niliingia katika jambo hili kwa njia ya redio. Mwezi Julai mwaka 1993, nilipokuwa fratera katika seminari kuu, Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa kuigiza wa mfululizo uitwao Twende na Wakati. Wenye umri wangu watakumbuka. Alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake katika kila kituo alichoegesha gari lake. Na alikuwemo mkewe Tunu, aliyeteseka nyumbani na hatimaye akajifunza kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Mchezo ule ulikuwa na mafundisho juu ya uzazi ambayo Kanisa lisingeyasema kwa namna ile, na leo siyo siku ya kuyajadili. Lakini ulisema wazi habari za ukimwi wakati ambapo wengi wetu tulikuwa tunazika ndugu na kusema wamekufa kwa malaria. Sisi mafratera tulikuwa na redio moja katika chumba cha mapumziko. Mkwaju alipofanya lolote tulimpigia kelele kana kwamba angetusikia. Fratera mmoja mpole, ambaye sijapata kumsikia akimsema mtu vibaya, alikuwa akiiambia ile redio: “Mshenzi wewe!”

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani kwetu, mkoa wa Dodoma. Saa ya mchezo nikawasha redio ya baba, nikasikia kipindi kingine kabisa. Juma lililofuata ikawa vivyo hivyo. Nikadhani betri, nikadhani antena, nikapanda hadi juu ya paa. Miaka mingi baadaye nilisoma na kuelewa: watafiti walitaka kupima kama mchezo ule unabadilisha mwenendo wa watu, hivyo tangu mwaka 1993 hadi 1995 kituo cha Dodoma kilirusha vipindi vingine katika saa hiyo, ili watu wa Dodoma walinganishwe na waliokuwa wakisikiliza. Yaani nilikuwa juu ya paa nikiisumbua antena isiyo na kosa lolote, na kumbe tulikuwa kundi la kulinganishwa! Baba yangu, mzee asiye na subira na michezo, aliniuliza swali ambalo bado linanichekesha: “Huyo Mkwaju unamtafutia nini huku? Anakudai?”

Lakini ndivyo ilivyo, ndugu msikilizaji. Mtu ambaye hayupo duniani, aliyebuniwa na mwandishi na kupewa sauti na mwigizaji, anaingia ndani ya moyo wako na kukaa. Unapika huku unamwazia. Unapokutana na jirani kisimani, kabla ya habari za nyumbani, mnaulizana habari zake. Wako wahubiri wanaosema huo ni ujinga mtupu na kupoteza muda. Mimi siwezi kusema hivyo. Moyo unaoweza kumhurumia mtu usiyemjua, wala hakuhusu, wala hatakulipa, ni moyo ambao Mungu aliuumba vema. Swali ni kwamba, baada ya kioo kuzimwa, huruma hiyo inakwenda wapi.

Mwaka 1994 ndipo vituo vya televisheni vilipoanza Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Majirani wa Kenya walikuwa wametutangulia zaidi, na televisheni yao ilianza mwaka 1962. Basi sisi wa Bara tuliipokea televisheni kama watu waliofika karamuni wakiwa wamechelewa na wenye njaa. Mtaa mzima ulikuwa na seti moja au mbili. Mwenye nayo aliitoa barazani, watoto wakaketi chini, wazee wakaketi kwenye viti, akina mama wakasimama nyuma na vitambaa vya jikoni mikononi. Zikaja tamthilia kutoka Mexico, Venezuela na Brazili, zikiwa zimegeuzwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi pale barazani hawakuijua. Kwa hiyo katika kila baraza alipatikana mfasiri. Katika mtaa tulioutembelea sana wakati wa likizo, mfasiri alikuwa binti wa kidato cha tatu. Alifasiri kwa kasi ya ajabu, na niliposikiliza vizuri nikatambua kwamba alikuwa anaongeza. Mwigizaji akisema maneno matatu, binti alisema thelathini, na ndani yake aliweka mashauri kwa shangazi yake aliyekuwa na matatizo na mumewe. Hakuna aliyelalamika. Nathubutu kusema tamthilia ya yule binti ilikuwa bora kuliko ile ya Mexico.

Raha ya jambo hili ilikuwa katika kukaa pamoja. Aliyekosa sehemu ya jana alisimuliwa, na msimulizi alipokosea alisahihishwa na watu watano kwa mpigo. Siku hizi anayetaka hutazama sehemu kumi usiku mmoja, peke yake, kwenye simu, kitandani. Simlaumu. Ila hana wa kumsahihisha.

Nataka niwasimulie jambo lililotokea mbali, katika nchi ya Peru. Tangu mwaka 1969 hadi 1971 kituo cha televisheni huko kilionyesha tamthilia iliyoitwa Simplemente María, yaani Maria tu, yenye sehemu zaidi ya 400. Ni habari ya msichana wa kijijini aliyekuja mjini kufanya kazi za ndani katika nyumba ya matajiri. Akadanganywa na kijana wa tabaka la juu, akapata mimba, akaachwa. Lakini usiku akajifunza kusoma na kuandika, akajifunza kushona kwa cherehani, na polepole akainuka hadi kuwa mshonaji mwenye sifa. Mwalimu wake wa kusoma, Esteban, alimpenda kimyakimya muda wote huo. Watazamaji wakangoja, wakangoja, sehemu baada ya sehemu, wakitaka hao wawili waoane. Hatimaye ilipofika siku ya kupiga picha za harusi yao, katika kanisa la Mtakatifu Rosa wa Lima mjini Lima, walifika watu wapatao elfu kumi. Walikuja wamevaa nguo zao nzuri. Walileta zawadi kwa bibi harusi. Wengi wao walikuwa wasichana wa kazi za ndani.

Nimefungisha ndoa nyingi, na sijapata kuona watu elfu kumi. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilitabasamu, kisha nikanyamaza. Wasichana wale hawakuwa wajinga. Walijua bwana harusi ni mwigizaji. Lakini kwa mara ya kwanza mtu kama wao alikuwa ameketi katikati ya hadithi, badala ya kupita nyuma yake na sinia la chai, nao wakaona haifai kumwacha aolewe bila mashahidi. Inasemwa pia kwamba mauzo ya cherehani yaliongezeka popote tamthilia ile ilipoonyeshwa. Naamini. Binti anayemwona mwenzake akiketi mbele ya cherehani na kuinuka nayo, atatafuta cherehani.

Sasa turudi huku kwetu, na hapa naomba akina mama na akina baba wenye wasichana wa kazi wanisikilize bila kukasirika. Mara kwa mara nikiwa mgeni katika nyumba za waamini nimeiona picha ileile. Familia imeketi kwenye makochi, tamthilia inaendelea, na katika tamthilia kuna msichana maskini anayenyanyaswa na mama mwenye nyumba. Mama wetu anatokwa na machozi. Anasema, “Jamani, huyu mwanamke hana huruma!” Mlangoni mwa jikoni amesimama binti wa miaka kumi na saba au kumi na minane, taulo begani, naye anatazama, na machozi yanamlengalenga vilevile. Mara mama anageuka: “Wewe, vyombo umemaliza?” Binti anarudi jikoni. Hajui kilichompata yule msichana wa kwenye kioo hadi kesho, kama kesho ataruhusiwa kusimama pale tena.

Haya si mapya. Mfalme Daudi alikuwa mtazamaji wa namna hiyo. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, nabii Nathani alimwendea na hadithi ya tajiri mwenye makundi ya kondoo aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja wa pekee. Daudi akawaka hasira, akamhukumu kifo yule tajiri wa hadithini. Hasira yake ilikuwa ya kweli kabisa. Hakuwa anaigiza. Ilimlazimu Nathani amwambie usoni kwamba mtu huyo ni yeye, kwa sababu peke yake asingetambua. Tamthilia zetu hazina Nathani mwishoni. Zina matangazo ya sabuni.

Nimesema juu ya raha. Niseme kidogo juu ya udhia, maana hata huo una fundisho lake. Wapo wanaokerwa na umeme kukatika, na hao ni wengi, nami ni mmoja wao. Wapo waliokerwa tangu zilipozimwa zile mitambo za zamani, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na miji mingine mwaka uliofuata, ikabidi kila nyumba iwe na king'amuzi na kukilipia. Na king'amuzi, sijui kwa ujanja gani, hukata usiku uleule ambao siri inafichuliwa. Wapo wanaokerwa na kituo kinachokatiza tamthilia katikati bila hata neno la pole, kikaanza nyingine Jumatatu kana kwamba hakuna mtu aliyekuwa akingoja. Nakumbuka bibi mmoja mgonjwa niliyempelekea Komunyo kila Ijumaa ya kwanza. Alikuwa hawezi kutoka kitandani, na televisheni ndogo ndiyo iliyokuwa dirisha lake. Tamthilia yake ilipokatizwa, alinisihi nikaulize “kwa wakubwa” ule mtoto ni wa nani. Sikuwa na mkubwa wa kumwuliza. Nikamwambia habari za Mtakatifu Klara wa Asizi, ambaye Papa Pius XII alimfanya msimamizi wa televisheni kwa barua yake ya mwaka 1957, kwa sababu usiku wa Noeli, akiwa mgonjwa hawezi kwenda kanisani, alijaliwa kuiona na kuisikia ibada akiwa kitandani mwake. Bibi alinisikiliza kwa heshima yote. Kisha akasema: “Baba, yeye walau alionyeshwa mpaka mwisho.”

Lakini udhia mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ule wa mwandishi anayewadanganya watazamaji. Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa tamthilia ya Marekani iitwayo Dallas. Tarehe 21 Machi 1980 ilionyesha tajiri mwovu, J.R. Ewing, akipigwa risasi na mtu asiyeonekana, na watazamaji wakangojeshwa hadi tarehe 21 Novemba mwaka huohuo ndipo wajue ni nani. Miezi minane! Zaidi ya watu milioni 80 katika Marekani pekee walitazama jibu. Hilo sililaumu, aliyengoja alipewa alichongojea. Lakini mwaka 1985 tamthilia hiyohiyo ilimfisha Bobby, ndugu yake J.R., aliyependwa na wengi. Watu wakamlilia. Ukapita mwaka mzima wa sehemu mpya, watu wakafa, wakaoana, wakagombana. Kisha mwaka 1986 Bobby akaonekana bafuni akioga, mzima wa afya, na ikaelezwa kwamba matukio yote ya mwaka ule yalikuwa ndoto ya Pamela. Mwigizaji alikuwa ameamua kurudi kazini, basi kifo kikafutwa.

Watazamaji walikasirika, na hasira yao naiheshimu. Walikuwa wametoa machozi halisi kwa kifo ambacho mwandishi alikigeuza kuwa si kitu. Mtu anayesimulia habari anabeba dhamana ya mioyo ya wanaomsikiliza. Nawaambia hivyo hasa makatekista wenzangu, kwa kuwa nasi tunasimulia. Unapowasimulia watoto mateso ya Bwana, usiwapitishe haraka hadi Pasaka kana kwamba Ijumaa Kuu ilikuwa ndoto. Yeye mwenyewe aliporudi alikuwa na alama za misumari.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazungukazunguka tangu mwanzo.

Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Mao Doudou na Mama Wakwe Zake. Wengi mnaikumbuka, hata Rais Xi Jinping wa China, alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013, aliitaja. Doudou ni mwanamke kijana wa Beijing aliyeolewa na mume ambaye wazazi wake waliachana na baba yake akaoa tena, hivyo bibi harusi akajikuta na mama wakwe wawili kwa pamoja. Basi fikirini! Mama mkwe mmoja ni mtihani, sembuse wawili. Ilikuwa ajabu kumsikia mama wa Beijing akilalamika kwa Kiswahili juu ya chumvi katika chakula cha mkwewe, kwa maneno yaleyale niliyokuwa nikiyasikia ofisini kwangu Jumatatu asubuhi. Hakuna bomu, hakuna bastola, hakuna anayefufuka; ni watu tu wanaojifunza kuishi katika nyumba moja. Niliipenda. Nilimaliza chakula cha jioni mapema kwa ajili yake, na Masifu ya Jioni, Mungu anisamehe, niliyasali upesi kidogo.

Jioni moja, tamthilia ikiwa imekaribia kufika mwisho wake, mpishi wetu wa nyumba ya mapadre akaingia akaniambia kuna bibi nje anataka kuniona. Nikauliza ni mgonjwa? Akasema hapana, ni mzima, ametoka kigangoni kwa miguu. Nikasema: “Mwambie asubiri kidogo. Au kama ana haraka, aje kesho baada ya Misa.” Kisha nikamgeukia Doudou.

Barazani kwetu kulikuwa na benchi, chini ya dirisha la sebule. Bibi akaketi hapo. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Kwa hiyo alisikia yote: sauti ya mama mkwe, sauti ya Doudou, na kicheko changu.

Sehemu ilipokwisha, ikaja na taarifa ya habari, nikaona nitazame na vichwa vya habari tu. Nilipotoka, benchi lilikuwa tupu.

Mpishi ndiye aliyenieleza. Bibi alikuwa amegombana na mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee. Alimtolea maneno makali, na mkwe akabeba mtoto akarudi kwao. Mwana naye akaacha kumsemesha mama yake. Bibi alikuwa amejutia, akataka kwenda kwa wakwe zake kuomba radhi, lakini aliona haya kwenda peke yake. Alikuwa amekuja kumwomba padre amsindikize. Basi la kwenda huko liliondoka alfajiri, kabla ya Misa. Ndiyo maana “kesho baada ya Misa” haikumfaa kitu.

Asubuhi nilikwenda kwake kwa baiskeli. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Majirani walisema aliondoka usiku na kifurushi. Mmoja alidhani amekwenda kwa wakwe, mwingine alidhani amekwenda kwa binti yake katika mkoa mwingine, akakae huko moja kwa moja. Niliuliza tena baada ya mwezi, na baada ya miezi sita. Mwana naye alikuwa amehama. Kisha Askofu akanihamisha parokia. Ni miaka mingi sasa, na hadi leo sijui kama bibi yule alifika kwa wakwe zake, wala kama alifunguliwa mlango. Mwisho wa Doudou naujua, tena ni mwisho mzuri. Mwisho wa bibi siujui.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo siwezi kuisoma Injili ya leo bila kuliona lile benchi. Tazameni jinsi Bwana alivyoipanga hadithi yake. Ndani ya nyumba kuna karamu, kuna ndama, kuna ngoma, na mwana aliyepotea amepatikana. Hicho ndicho kilele ambacho kila mtazamaji alikuwa akikingojea tangu mwanzo. Nje kuna mtu anayesikia furaha kupitia dirishani. Ana makosa, bila shaka. Ana maneno makali mdomoni. Amehesabu miaka ya utumishi wake kama mtu anayehesabu deni. Mwenye karamu anaambiwa kwamba yuko mtu nje. Naye hakusema asubiri hadi ngoma ziishe. Hakutuma mtumishi. Aliinuka katikati ya furaha ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameililia miaka yote, akaiacha, akatoka.

Nimeisoma Injili hii tangu nikiwa mtoto, nikaifafanulia darasani seminarini, nikaihubiri kila ilipofika zamu yake, na macho yangu yalikuwa daima kwa wale wana wawili: nani mbaya zaidi, nani anafanana na sisi. Sikuwahi kukitilia maanani kitendo hicho kidogo cha kutoka mlangoni. Wala siwaambii mzime televisheni zenu. Mimi yangu sijaizima. Jioni ya leo, Mungu akipenda na umeme ukiwepo, nitaketi mbele yake kama wengi wenu. Ila dirisha bado naliacha wazi, na benchi nimelisogeza, sasa liko mkabala na kiti changu.

Niliahidi kuwaambia jibu la katekista wetu kule kigangoni. Kicheko kilipotulia, yule mama mwenye mjukuu mapajani alikuwa bado anamtazama, anangoja. Katekista akafungua tena kitabu, akapitisha kidole kwenye mstari wa mwisho, akageuza ukurasa, akaona sura ya kumi na sita inaanza habari nyingine kabisa, ya wakili asiye mwaminifu. Akasema kwa unyofu: “Mama, hapa haijaandikwa kama aliingia.”

Mama akafikiri kidogo, akampangusa mjukuu kamasi kwa pindo la khanga. “Basi,” akasema, “baba yake atakuwa bado yuko naye hapo nje.”

Tumsifu Yesu Kristo.